Picha ya Kifua cha Mama

Sina picha ya uso wa mama.
Nina hii: mbavu kumi na mbili kila upande,
moyo umeegemea kushoto kama mtu aliyechoka kusimama,
na juu ya pafu la kulia, wingu,
ukubwa wake yai la bata-bahari.

Pembeni, kwa wino mweupe:
E saba, mia tano na kumi na mbili.
Ndilo jina alilopewa na serikali,
maana Arnaujaq lilikuwa likiwateleza ulimini.

Meli ilikuja mwezi ambao barafu huiachia ghuba.
Sisi watoto tulishangilia, tulijua ina biskuti.
Wakatupandisha mmoja mmoja,
watu wa kambi ya Qillaq, watu wa kambi ya Nutaraaluk,
hata vikongwe, wamebebwa juu ya ngozi ya dubu.
Tukasimama vifua wazi mbele ya bamba la baridi
na mkalimani, kijana wa mbali,
akasema kwa sauti ya kuazima:
“Vuta pumzi. Izuie.”

Mimi wakanichora kiduara mkononi: rudi nchi kavu.
Mama wakamchora herufi mbili.
Alidhani ni alama ya kupewa unga.
Akanipungia kwa mkono ule ule.

Walipomwambia, mashua yetu ilikwisha kung'oka.
Akanirushia buti zake mpya za ngozi ya sili:
“Zikaushe polepole, mbali na taa!”
Basi. Huo ndio wasia wote.

Sitasema daktari alikuwa mwovu.
Kifua kikuu kilikwisha kutuhesabu kabla yake:
baba yangu, mapacha wa Saimut,
kambi nzima ng'ambo ya ghuba
tuliyojua imekwisha siku mbwa wake walipotujia wenyewe.
Huko kusini walikuwa na sindano ile mpya,
na mdogo wangu Ipilik, aliyechukuliwa ana miaka minne,
ilimponya kweli. Baada ya miaka mitatu ndege ikamshusha,
mnene, mashavu mekundu, viatu vya kamba.
Nikamkumbatia.
Akaniuliza kitu. Sikuelewa.
Tukampa ini la sili, bichi, lingali na joto;
akalia, akaufuta ulimi kwa mkono wa shati.
Pafu lilirudi zima. Lugha ilibaki hospitalini,
labda imelala kitanda kilekile
na mgonjwa mwingine.

Hatukuwa na neno la jambo hilo,
mtu kupona akapotea.
Mpaka leo hatuna. Husema tu, “alikwenda na meli,”
na anayemimina chai huacha kumimina.

Mama hakurudi. Barua ilifika baada ya miezi tisa,
mstari mmoja na nusu.
Kaburi lake lilipewa kigingi, na kigingi kilipewa namba.
Bahasha hii imenifikia nikiwa bibi,
kutoka ghala la kumbukumbu,
pamoja na samahani iliyopigwa chapa.

Jana mjukuu wangu Uviluq, muuguzi,
anayepiga picha za vifua kwa mashine
isiyozidi sanduku la risasi,
aliibandika dirishani.
Mwanga wa theluji ukapita ndani ya mama.
“Bibi, hapa amezuia pumzi,” akasema.
“Unaona mapafu yalivyojaa mpaka chini?”

Nikaona. Miaka sitini na miwili
ameizuia, mtiifu kama alivyoambiwa,
akimngoja mkalimani amalizie.

Uviluq huwaambia wagonjwa wake kwa lugha yetu:
Vuta. Zuia.
Halafu huwa hasahau, hata foleni ikifika mlangoni:
Haya, toa.

Alipotoka nilisogea kwenye kioo.
Kilikuwa baridi, kikashika ukungu wa kinywa changu.
Nikamwambia lile lililobaki.

Kisha nikaweka maji ya chai jikoni.
Buti zake bado ninazo.
Zilikauka vizuri.